Vivumishi vya Kiingereza na vihusishi vyake: tatizo la "na" na "kwa"

Katika Kiingereza, vivumishi vingi haviwezi kupokea kijalizo bila kuletewa kihusishi. Mtu anaweza kuwa "afraid" na sentensi ikaishia hapo. Lakini akitaka kukitaja kile anachokiogopa, hana budi kutumia "of". Aliye hodari wa jambo ni "good at", aliyeoa au kuolewa ni "married to", aliyevutiwa ni "interested in", anayetegemea wengine ni "dependent on". Anayechagua kihusishi si msemaji bali ni kivumishi chenyewe. Ndiyo maana mtu aliyekariri kwamba "of" ni "-a", "with" ni "na" na "for" ni "kwa" hukosea hata baada ya miaka kumi ya kusoma lugha hiyo: amejifunza vihusishi kana kwamba kila kimoja kina maana yake isiyobadilika.

Makala haya yanamlenga anayefikiri kwa Kiswahili kwanza. Makosa yake katika eneo hili si ya kubahatisha. Yana mpangilio, na mpangilio huo chanzo chake ni sarufi ya Kiswahili.

Kazi ambayo Kiswahili hukipa kitenzi

Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache. Mengi ambayo Mwingereza huyaeleza kwa kivumishi, sisi huyaeleza kwa kitenzi: yeye "is afraid", sisi tunaogopa, yeye "is tired", sisi tumechoka, yeye "is used to", sisi tumezoea. Kitenzi chetu huweza kufuatwa na nomino moja kwa moja bila msaada wowote. Twasema naogopa nyoka, nimezoea baridi, ndoo imejaa maji. Pale ambapo kitenzi hakiwezi kufanya hivyo, hunyambuliwa katika kauli ya kutendea: kukasirika huzaa kukasirikia, kufurahi huzaa kufurahia, kujivuna huzaa kujivunia, kuona wivu huzaa kuonea wivu. Ile -i- au -e- iliyojificha ndani ya kitenzi ndiyo inayofanya kazi ambayo Kiingereza hukikabidhi kihusishi.

Sasa mzungumzaji huyo akihamia Kiingereza hukuta pengo. Neno "proud" analo, lakini ile -i- ya kujivunia haina neno la kuitafsiri. Hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huliacha pengo wazi, akaandika "the bucket is full water". Ama hulijaza kwa neno lililo karibu, na lililo karibu siku zote ni "with" au "for". "Full with water" na "proud for my daughter" huzaliwa hapo. Kiingereza kinadai "full of water", "proud of my daughter", "used to cold weather", "jealous of her sister".

Kundi la "of" ni kubwa na linafaa kujifunzwa pamoja, kwa kuwa lina umoja wa maana. Limesheheni hali za moyo na za akili: "afraid", "ashamed", "proud", "jealous", "fond", "aware", "sure", "suspicious", "tired". Kando yake wapo wachache wa ujazo na upungufu, "full" na "short", na wa uwezo, "capable". Katika sehemu moja ndogo Kiswahili na Kiingereza hukutana ana kwa ana. Sisi husema fulani ni mzito wa kusikia; wao husema "hard of hearing". Muundo ni uleule: sifa, kiunganishi cha umilikishi, kisha eneo ambalo sifa hiyo inahusika. Kwetu muundo huo ungali hai kabisa, tukasema mwepesi wa hasira, mpole wa moyo, hodari wa kupika. Kwao umebaki katika misemo michache iliyoganda, na anayejaribu kuunda mipya kwa kufuata mfano wa "hard of hearing" hataeleweka. Hodari wa kupika si "good of cooking" bali ni "good at cooking".

"Na" haina mwelekeo

Hii ndiyo sehemu yenye uzito mkubwa kuliko zote. Tazama mifano ifuatayo: karibu na, mbali na, sawa na, tofauti na. Kwa Mswahili hakuna ajabu yoyote katika orodha hiyo. Lakini mtu anayeitazama kwa macho ya Mwingereza hushangaa, kwa sababu neno lilelile limetumika kwa ukaribu na kwa umbali, kwa mfanano na kwa utofauti. Kiswahili kinahesabu kwamba vitu viwili vina uhusiano, na "na" kazi yake ni kumleta yule wa pili. Kama uhusiano huo ni wa kukaribiana au wa kuachana, hilo litaelezwa na neno lililotangulia, na halina haja ya kurudiwa.

Kiingereza hulirudia. Kihusishi chake hutazama mwelekeo: kinachoelekea upande wa pili huchukua "to", kinachouacha huchukua "from". Kwa hiyo upande mmoja tuna "close to", "similar to", "equal to", "related to", "married to", "loyal to", "opposed to". Na upande mwingine "far from", "different from", "separate from", "absent from", "free from", "safe from", "exempt from". Mwanafunzi anayejiuliza swali moja tu, yaani je, hapa tunaelekea au tunaondoka, atapata jibu sahihi mara nyingi kuliko yule anayetafuta tafsiri ya "na".

Katika swali hilo ndimo yanamopimwa makosa mawili mashuhuri ya Kiingereza cha kwetu. La kwanza ni "married with". Sisi husema ameolewa na au ameoana na, na "na" hiyo huvutwa moja kwa moja hadi Kiingereza. Sentensi "She is married with two children" ni sahihi, lakini maana yake ni kwamba mwanamke huyo ameolewa na pia ana watoto wawili. Kwa hiyo anayeandika "She is married with a teacher" humfanya msomaji asite kidogo kabla hajaelewa. La pili ni "different with", linalosikika Nairobi na Dar es Salaam kila siku, hata kwa wasemaji wenye elimu ya juu. Halitambuliwi na Kiingereza sanifu cha upande wowote wa Atlantiki.

Hata hivyo Waingereza wenyewe hawakuafikiana juu ya "different". Walimu wao wa zamani walishikilia "from" peke yake, kwa hoja hiyohiyo ya kuondoka. Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1926, alilitetea "different to" na kulihesabu katazo lake kuwa imani isiyo na msingi. Nalo lingali likisikika sana Uingereza, bila shaka kwa kuvutwa na jirani zake "similar to" na "opposed to". Marekani hutumia pia "different than", hasa pale inapofuata sentensi nzima badala ya nomino. Kwa mtahiniwa wa Afrika Mashariki ushauri wangu ni mfupi: "different from" haikosolewi na mtu yeyote, popote. Tumia hiyo.

Kanuni ya mwelekeo nayo ina waasi wake. Kutegemea kwa Kiingereza ni "dependent on", kwa kuwa kinachotegemewa hutazamwa kama kitu ambacho uzito umewekwa juu yake. Lakini kutotegemea ni "independent of", ambapo mtu angetarajia "independent from", na wengi huandika hivyo. Nchi, mahakama au tume iliyo huru dhidi ya serikali ni "independent of the government".

Kuna "na" ya pili ambayo haihusiani na hiyo ya kwanza, nayo ni ile inayomtaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa: kuvutiwa na, kushangazwa na, kuridhishwa na. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba "na" hii ni "by", na kwa vitenzi halisi yuko sawa. Tatizo ni kwamba maneno mengi ya Kiingereza yenye umbo la kutendwa yamekwisha kuwa vivumishi na yamejichagulia vihusishi vyao. Aliyevutiwa na historia ni "interested in history", si "by". Aliyeridhishwa na huduma ni "satisfied with the service". Aliyeshangazwa ana hiari ya "surprised at" na "surprised by". Mwenye wasiwasi ni "worried about". Neno "known" lina vihusishi vitatu kwa maana tatu: mji ni "known for" karafuu zake, yaani ni maarufu kwa karafuu, mtu ni "known to" polisi, yaani polisi wanamfahamu, na ni "known by" jina fulani, yaani hujulikana kwa jina hilo.

"Kwa" yenye watu na "kwa" yenye mambo

"Kwa" haina udanganyifu mwingi kama "na". Maarufu kwa ni "famous for", tayari kwa ni "ready for", nzuri kwa afya ni "good for your health". Mtego upo pale ambapo baada ya "kwa" amekaa mtu anayetendewa. Mkarimu kwa wageni si "kind for guests" bali ni "kind to guests". Mwaminifu kwa rafiki ni "faithful to". Mkali kwa wanafunzi ni "strict with", kwa sababu isiyofahamika kwa kanuni yoyote. Jambo lililo dhahiri kwa wote ni "obvious to everyone".

Wema una muundo wa ziada unaostahili kukumbukwa. "You were kind to her" humtaja aliyepokea wema. "It was kind of you" humtaja mwenye wema huo, nasi tungesema ni wema wako. Kwa hiyo barua ya shukrani inayosema "It was kind to you to visit us" imemgeuza mgeni kuwa mpokeaji wa wema aliouleta mwenyewe.

Kihusishi kinapobeba maana yote

Mpaka hapa kosa la kihusishi limekuwa ni la lafudhi ya maandishi: msomaji anaelewa, ila anatambua kwamba mwandishi ni mgeni wa lugha. Lakini vipo vivumishi ambavyo hukubali vihusishi kadhaa, na kila kimoja huja na maana yake. Hapo kosa hubadili ujumbe.

"Good" ndilo la kawaida kuliko yote. "Good at" ni uhodari wa kazi; "good with" ni ustadi wa kukaa na watu au kushika vitu, kama yaya aliye "good with children" au fundi aliye "good with his hands"; "good for" ni manufaa; "good to" ni kutendea wema. Bibi aliyekuwa "good to me" alinipenda na kunitunza. Bibi aliyekuwa "good for me" alinifaa, pengine kwa kunichapa.

Chukua "tired". Kiswahili husema nimechoka na kazi, na anayesikiliza huamua kwa mazingira kama umechoka mwili au umechoka roho. Kiingereza hakimwachii msikilizaji uamuzi huo. "Tired from work" ni uchovu wa mwili baada ya shughuli. "Tired of work" ni kuchoshwa, kukinai, kutotaka tena. Mfanyakazi anayemwambia bosi wake jioni kwamba "I am tired of this work", akikusudia kuomba mapumziko ya siku moja, amesema kwamba kazi hiyo haitaki tena.

Au chukua "sorry", ambalo wengi hulichukua kuwa ndilo pole. Tunamwambia mfiwa pole kwa msiba, naye hupokea. Anayetafsiri neno kwa neno na kumwelekea mtu mwenyewe akasema "I am sorry for you" ametamka kitu kingine: "sorry for" ikifuatwa na mtu ni kumhurumia kwa kumtazama kutoka juu, na kwa sauti fulani huwa dharau. Kinachotakiwa kifuate ni msiba, si mfiwa: "I am sorry for your loss", au "I am sorry about your father". Katika eneo lote la vihusishi sijui kosa jingine dogo linaloweza kuumiza kiasi hiki mahali ambapo msemaji alikuja kufariji.

Kisha kuna maneno ya mikataba. Kiswahili husema mfanyakazi anawajibika kwa meneja, na pia anawajibika kwa mali iliyo ghalani. "Kwa" ni moja. Kiingereza huzitenga: "responsible to the manager" humtaja anayemtolea hesabu, na "responsible for the goods" hutaja kile anachotolea hesabu. Vyote viwili huweza kukaa katika sentensi moja, "The storekeeper is responsible to the manager for the goods", na anayevibadilishana atakuwa amemfanya mtunza ghala kuwa mlezi wa meneja. "Liable" ni kali zaidi. Mlinzi aliye "liable for any loss" atalipa kilichopotea kutoka mfukoni mwake. Aliye "liable to dismissal" anaweza kufukuzwa kazi, lakini hajaambiwa kwamba atalipa. Na kifaa kilicho "liable to break" hakina wajibu wowote kisheria. Ni kwamba huelekea kuvunjika. Anayepewa mkataba wa Kiingereza autie saini azisome sehemu hizo polepole, kwa kidole.

"Concerned" nayo hupatikana sana katika barua za ofisi. Barua iliyo "concerned with school fees" inahusu karo. Shule iliyo "concerned about school fees" ina wasiwasi juu ya karo, na mzazi anayeipokea barua hiyo ana haki ya kuingiwa na wasiwasi pia.

Kitenzi kinachofuata

Baada ya kihusishi Kiingereza hakikubali kitenzi ila kikiwa na umbo la "-ing". Kitenzijina chetu chenye ku- hufaa kila mahali: hodari wa kupika, nimechoka kusubiri, nimezoea kuamka mapema. Kwa sababu hiyo Mswahili huona "to" kuwa ndiyo ku- yake na huiweka popote, akaandika "tired to wait" badala ya "tired of waiting".

Ugumu huzidi pale kihusishi chenyewe kinapokuwa "to". Katika "ready to help", "to" ni ya kitenzi. Katika "committed to helping", "dedicated to serving", "opposed to selling" na "used to waking early", "to" ni kihusishi, na hudai "-ing". Njia ya kuzitambua ni kujaribu kuweka nomino mahali pa kitenzi: "committed to the work" yakubalika, kwa hiyo hicho ni kihusishi. "I am committed to serve" ni sentensi inayopatikana katika barua nyingi za kuomba kazi, na ingawa wapo Waingereza wanaoivumilia, hakuna sababu ya kuwapa nafasi hiyo ya kutuvumilia. "I am used to wake early" haivumiliwi na yeyote.

Kihusishi mwishoni mwa sentensi

Kiswahili hakiachi kihusishi kikining'inia. Husema jambo ambalo ninavutiwa nalo, na ile -lo humalizia kazi. Kwa Kiingereza sehemu hiyo huishia na kihusishi kitupu: "the subject I am interested in", "the people she is responsible for", "What are you afraid of?" Anayehisi kwamba sentensi imebaki wazi hukiondoa kihusishi, akaandika "the subject I am interested", na hilo ni kosa, au hukifunga kwa kiwakilishi, "the subject which I am interested in it", na hilo nalo ni kosa, ingawa ni tafsiri aminifu ya nalo.

Dhana kwamba kumalizia kwa kihusishi ni utovu wa adabu ina historia ndefu. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alikiri kwamba mpangilio huo hutawala mazungumzo na hufaa mtindo wa kawaida, akasema tu kwamba kukitanguliza kihusishi hupendeza zaidi katika maandishi mazito. Warithi wake wakaufanya upendeleo huo kuwa sheria. "The matter in which I am interested" inafaa katika ripoti. Mezani wakati wa chakula itachekesha.

Kutafuta katika kamusi

Anayetaka kujua kihusishi asitafute kihusishi. Kurasa za "of" na "to" katika kamusi kubwa ya Kiingereza ni ndefu na hazitamjibu. Atafute kivumishi, kisha asiishie kwenye fasili. Asome mifano, kwa kuwa kamusi za wanafunzi huonyesha kihusishi humo, mara nyingi kwa hati nzito. Akikuta viwili au vitatu, aangalie kama vimewekwa chini ya maana moja au chini ya maana tofauti zenye namba. Vikiwa chini ya maana moja, kama "surprised at" na "surprised by", ana hiari. Vikiwa na namba tofauti, kama "liable", hana.

Kamusi za lugha mbili zimelegea hapa. Ingizo la tofauti linalompa msomaji "different" bila "from" limemfikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe kwa "with". Aangalie pia tarehe ya kamusi aliyonayo. Ya zamani itampa "bored with" na "bored by" tu, wakati vijana wa Uingereza leo husema "bored of", nayo imekwisha kuingia katika kamusi mpya ikiwa na onyo kwamba si ya maandishi rasmi. Katika mtihani aandike "bored with".